Ndugu Yangu Alihamishwa Mara Tano

Palikuwa na nchi, na bado ipo, ndiyo maana siitaji. Kuitaja kuna kifungu chake cha sheria, na kifungu hicho nimekichapa mimi mwenyewe, nakala tatu. Inatosha mjue kwamba ni nchi ya vilima, migomba na mikutano, na kwamba watu wake ni wakarimu mno. Hata vita vya dunia vilipokuwa vinapita zake njiani, tuliviita vikaingia ndani.

Vita vyenyewe vilianzishwa na mataifa makubwa, huko kwao, kwa sababu zao. Hakuna aliyetualika. Lakini Mlezi Mkuu wa Taifa alikuwa na redio nzuri, na kila asubuhi akinywa uji alisikia kwamba taifa fulani linapigana katika medani tatu, jingine katika medani nne. Siku moja akaweka kikombe chini, akawauliza mawaziri wake, "Na sisi tunazo ngapi?"

Waziri wa Vita akasema hatuna hata moja, Mtukufu, kwa kuwa hatuna adui.

"Hilo la adui ni la wizara yako," akasema Mlezi Mkuu. "Mimi nimeuliza medani."

Mpaka jioni tulikuwa nazo sita. Medani ya Kwanza iliwekwa kwenye milima ya kaskazini, ambako jeshi la jirani lilikuwa limekaa kimya miaka mingi, mpaka tulipolirushia risasi. Ya Pili ilikuwa jangwani. Jangwa hatuna, tukaazima kipande kwa rafiki. Ya Tatu ilikuwa ya majini, na kwa kuwa bahari nayo hatuna, wanamaji walipelekwa kwenye bwawa la umeme na mitumbwi miwili. Ya Nne ilikuwa angani, na ndege yake moja. Ya Tano ilikuwa kwenye theluji, mbali kabisa, kumsaidia rafiki mwingine. Wizara iliandika barua kuuliza kama theluji ina miiba, ili wajue kama askari waende na viatu. Ya Sita ilikuwa ya siri, na siri yake ilitunzwa vizuri hivi kwamba hata waliopelekwa huko hawakuijua.

Kila siku saa saba mchana redio ilitusomea. "Majeshi yetu yamesonga mbele kwa upande wa nyuma," ilisema, "na adui amebaki peke yake pale tulipokuwa, amechanganyikiwa."

Mimi vitani sikwenda. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, daraja la tatu, tena nilikuwa naweza kupiga taipu bila kuitazama mashine. Kwetu kipaji kama hicho hakipelekwi kupigwa risasi. Nilipangiwa Ofisi ya Majeshi, chini ya Meja Lwezaula. Aliyekwenda ni kaka yangu Byabato, ambaye shule ilimshinda darasa la sita na ambaye, kwa maoni ya mama yetu, ndiye aliyekuwa na akili.

Umeja wa Meja Lwezaula ulikuwa na umri wa wiki tatu. Kabla ya hapo, kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa afisa wa kuhamisha walimu. Muulizeni mwalimu yeyote wa makamo nchini kwetu, mtamwona anavyoshika kiti. Meja aliweza kumtoa mtu ziwani akampeleka msituni maharage yake yakiwa bado jikoni. Alipochukuliwa jeshini alihama na kabati lake, mihuri yake, na fomu zake. Fomu ilikuwa ya aina moja tu, Fomu ya Uhamisho, mafungu kwa mafungu, mpaka kabati halifungi.

Ndipo ikaja orodha ya kwanza kutoka milimani. Majina arobaini na matatu. Juu yake pameandikwa kwa mkono: Wamekufa.

Meja akaisoma. Akafungua kabati, akapekua, akausukuma mlango kwa goti ukafunga.

"Kaijage," akaniambia, "fomu ya kufa hatuna."

"Tuombe ichapwe, afande."

"Miezi miwili hiyo. Na hawa miezi yote miwili watakaa wapi? Mtu hawezi kukaa hivihivi bila fomu." Akajikuna shingo. "Waandikie uhamisho. Medani ya Pili. Kwa muda tu."

"Afande, hawa wamekufa."

"Walimu nao walikuwa wananiambia hivyohivyo. Chapa."

Nikachapa. Barua arobaini na tatu zikaenda kwa mama arobaini na watatu, na hakuna hata mmoja aliyelia. Waziri wa Vita alipopata habari hizo alikuja ofisini mwenyewe, akamkumbatia Meja mpaka miwani ikapinda. Kabla ya wiki kuisha, kifo kilikuwa kimefutwa jeshini. Kwenye lango la kila kambi pakaandikwa kwa rangi nyekundu: ASKARI WETU HAFI, ANAHAMISHWA.

Sasa hapo ndipo serikali ilipogongana na migomba.

Kwetu mtu akifia mbali na mwili wake usirudi, haachwi hivihivi. Ndugu zake wanakata mgomba, wanaufunga sanda kama mtu, wanaulilia kwa jina lake, wanauzika nyuma ya nyumba. Hapo marehemu anajua kwamba amefika. Asipofanyiwa hivyo anaendelea kutembea, na nyumba inaendelea kumsubiri. Kikohozi cha mpita njia kikisikika, kila mtu ndani ananyamaza. Sahani inabaki moja zaidi. Ni maisha ya kuchosha, kwa wote wawili.

Watu si wajinga. Mtoto alipohamishwa mara ya pili, bila barua ya mkono wake, bila hata salamu, walianza kukata migomba. Serikali ikatoa Amri ya Migomba, niliichapa pia: Kumzika askari aliye kwenye orodha ya kazi ni kumuua. Mashamba yakahesabiwa, kila mgomba ukapigwa namba kwa chokaa, na mgambo wakawa wanapita kila asubuhi na daftari.

Wa kwanza kushtakiwa alikuwa jirani yetu, Mzee Kamuzora, kwa kosa la kumuua mwanawe wa Medani ya Tatu. Mgomba ulifukuliwa, ukaletwa mahakamani kama kielelezo, ukalazwa juu ya benchi mbele ya hakimu. Nilipelekwa kuchapa mwenendo wa kesi.

"Unamtambua huyu?" akauliza wakili wa serikali.

"Huo ni mgomba," akasema Mzee Kamuzora.

"Mheshimiwa, naomba iandikwe kwamba mshtakiwa anamkana mwanawe."

Kesi ilichukua wiki tatu. Kielelezo kikaanza kulainika, kikatoa maji, kikanuka. Askari wa mahakama walikuwa wanapokezana kukilinda, mmoja ndani mmoja nje akivuta hewa. Mimi nilikuwa nimeshaandaa utani wangu mzuri wa kuwapelekea wenzangu ofisini. Siku ya hukumu Mzee Kamuzora akaomba ruhusa ya kuvua koti. Hakimu akamruhusu. Akavua, akalifunika lile gogo, taratibu, kuanzia miguuni, akasema, "Samahani mheshimiwa. Amekaa uchi mbele za watu siku nyingi."

Ukumbi mzima ukatazama chini. Akapewa miaka saba. Utani wangu sikuupeleka.

Kabla ya Amri ile ilikuwa imekuja barua kutoka jangwani, iliyoandikwa na Luteni Ndyamukama, mkuu wa Medani ya Pili. Nilimsomea Meja:

"Yah: Askari Mlioniletea. Afande, napenda kukufahamisha kwamba askari arobaini na watatu waliohamishiwa kwangu hawajaonekana. Hata hivyo, kila asubuhi tunaposimama kuhesabiwa, nikiita majina yao wanaitika. Sauti zinatokea nyuma ya mstari wa mwisho. Niliweka watu wawili wakae nyuma waangalie. Wanasema hawaoni mtu, ila mchanga unabonyea. Naomba mwongozo: niwaandike wapo au hawapo?"

Meja akavua miwani yake iliyopinda, akaifuta.

"Wanaitika?"

"Ndivyo anavyosema, afande."

"Basi wana nidhamu kuliko walimu. Mwandikie: anayeitika yupo."

Kwa hiyo jangwa liliposhambuliwa, Luteni alileta orodha ya walioanguka na wale arobaini na watatu wakiwemo. Wakahamishiwa bwawani. Bwawani mtumbwi ukazama, wakahamishiwa angani. Nchi yetu ndiyo pekee katika vita vile iliyopoteza watu walewale mara nyingi bila kumpoteza hata mmoja.

Jina la Byabato lilikuwa kwenye orodha ya kumi na moja, mstari wa nane, kutoka milimani.

Nililisoma, nikaweka karatasi kwenye mashine, nikachapa. Sikukosea herufi hata moja. Meja alipofika kwenye sahihi akasimamisha kalamu.

"Byabato Ishengoma. Ndugu yako?"

"Kaka yangu, afande."

Akafanya wema aliokuwa nao. "Nampa Medani ya Pili," akasema. "Kuna joto, lakini hakuna mbu."

Barua za mtaani kwetu nilikuwa nazipeleka mwenyewe. Nilimkuta mama, Ma Kokutona, ameketi mlangoni anamenya ndizi. Kusoma hajui, au ndivyo anavyosema.

"Soma," akasema.

Nikamsomea. Kwa heshima na taadhima, mwanao amehamishwa, endelea kulijenga taifa.

"Huko jangwani wanakula nini?"

"Tende, mama."

"Byabato ale tende." Akamenya ndizi nyingine. "Anasemaje mwenyewe?"

"Yuko njiani, hajapata nafasi ya kuandika."

Akanitazama kwa upande, muda mrefu. "Wewe mtoto ulipokuwa mdogo, ukisema uongo sikio lako la kushoto lilikuwa linacheza."

Nikajishika sikio. "Linacheza sasa?"

"Hapana," akasema. "Umezoea."

Tangu siku hiyo hakuniuliza tena habari za chakula. Byabato akahamishiwa bwawani, na mama akasema mbona mwanangu anahamishwa kama mwalimu mkorofi. Akahamishiwa angani, mama akasema mtoto huyu alikuwa anaogopa hata ngazi. Alipohamishiwa kwenye theluji, mama akatoa blanketi sandukuni, akalianika juani, akaliacha pale siku mbili. Aliyepita akiuliza ni la nani alisema la mgeni. Medani ya Sita ilipofika hakusema kitu, kwa kuwa kifua kilikuwa kimeshaanza kumbana. Mganga wa zahanati alimpima, akanivuta pembeni, akaniambia nisimpangie mama safari ndefu.

Siku ile mama aliniita kitandani. "Kaijage. Unajua ninachotaka."

"Najua, mama."

"Nataka nimlaze kabla sijalala mimi. Nikitangulia, nani atamfungulia? Wewe hata hodi yake hutaisikia, masikio yako yamejaa taipu."

"Mama, Amri ya Migomba..."

"Nimesikia. Umeichapa vizuri."

Nikatoka nje nikasimama shambani. Migomba yetu ilikuwa mia na kumi na nne, nyeupe kwa namba, imesimama mistari mistari kama kikosi. Sikupenda kuigeuzia mgongo.

Kisha mataifa makubwa, bila kutuuliza, yakamaliza vita.

Redio ikatangaza ushindi. Medani zikafungwa moja baada ya nyingine, na Mlezi Mkuu akaagiza gwaride: anataka kuona majeshi yake yote, kwa macho yake. Meja Lwezaula akafungua orodha. Kwenye orodha palikuwa na askari elfu tisa. Wenye miguu walikuwa elfu moja na mia mbili, tukihesabu kwa ukarimu, maana baadhi walikuwa na mmoja mmoja.

Nilimkuta amekaa sakafuni, mgongo kwenye kabati.

"Kaijage, nina watu karibu elfu nane na sina pa kuwahamishia. Dunia imekwisha."

"Afande, zamani shule ikifungwa, walimu wake ulikuwa unawapeleka wapi?"

"Nyumbani. Wanasubiri barua."

"Basi."

"Na kwenye gwaride wasipoonekana?"

"Wako likizo, afande. Mtu wa likizo hapigi gwaride."

Akanyanyuka kwa kujishika kabati. "Chapa," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeomba.

Nikachapa. Amehamishiwa nyumbani kwao. Chini kabisa ya fomu pana sehemu ya Maelezo Mengine, ambayo kwa miaka ishirini na miwili haikuwahi kuandikwa kitu. Hapo nikaandika: Kuanzia saa ya kupokelewa, askari ni wa familia yake, na lolote litakalompata, ugonjwa au kifo, serikali haihusiki.

Meja akausoma mstari ule mara mbili, midomo ikitembea. "Serikali haihusiki," akarudia, kama anaonja asali. Akagonga mihuri siku nne, mpaka kifundo cha mkono kikavimba.

Sherehe ya kuwapokea ilifanyika uwanja wa mpira, saa tatu asubuhi. Waziri wa Vita akahutubia. "Tumepigana medani sita, na hatukupoteza mtu. Mataifa makubwa yamepoteza mamilioni. Huo, ndugu wananchi, ni uzembe." Tukapiga makofi. Kisha wazazi na wajane wakapangwa mistari, mezani pana makarani na kidau cha wino.

Mama alikuwa ananiegemea. Zamu yake ikafika.

"Umempokea Byabato Ishengoma?" akauliza karani bila kuinua uso.

Mama akageuka kulia kwake, ambako hapakuwa na mtu, akapatazama kuanzia chini mpaka juu. "Nimempokea."

"Hali yake?"

"Amekonda."

Karani akaandika amekonda. Mama akaweka dole gumba.

Tulirudi kwa miguu, wanawake mia kadhaa kwenye njia moja, na sikuwasikia wakipanga, lakini wote walitembea upande wa kushoto. Upande wa kulia wakauacha wazi. Mtu mmoja mwenye baiskeli alikuwa anatokea mbele, njia nzima ya kulia iko tupu, yake. Akashuka. Akaisukuma baiskeli majanini, akavua kofia, akasubiri mpaka tukaisha.

Kesho yake asubuhi mama alikuwa wa tatu kwenye foleni ya mtendaji wa kata.

"Nimekuja kuandikisha kifo. Byabato Ishengoma. Amefia nyumbani."

"Lini?"

"Baada ya chai."

"Sababu?"

Mama akafikiri. "Uchovu wa uhamisho."

Mtendaji akachungulia dirishani. Foleni ilikuwa imepita soko, imepita kanisa, inapanda kilima cha pili. Akaomba zile fomu za kupokelewa, akasoma mstari wa mwisho, akaita msaidizi wake, akausoma tena kwa sauti. Hapakuwa na la kufanya, serikali haihusiki. Akachovya kalamu. Ilipofika saa saba redio ilisema kwamba mashujaa wetu wote wa likizo wamepatwa na uchovu siku moja, jambo linaloonyesha umoja wao, na kwamba jeshi lenyewe linaendelea vizuri na halijapoteza mtu. Mzee Kamuzora hakuachiwa. Wakili wa serikali alieleza kwamba yeye alimuua mwanawe kabla hajafa, na hilo ni kosa kubwa zaidi.

Mchana ule vilima vyote vilikuwa na sauti ya panga. Ukisimama kwetu ulisikia huku, kisha kule, kisha mbali zaidi, nchi nzima inakata. Mgambo wa shamba letu alikuja na daftari, akakuta namba sabini na tisa imelala chini. Mama akamwonyesha karatasi. Akaisoma, akafunga daftari, akauliza jembe liko wapi. Alikuwa na wawili wake wa kuzika kwao jioni, akasema, afadhali mikono ipate moto.

Mgomba ulikuwa mrefu mno. Mama akasimama juu yake na panga, anahema.

"Byabato alikuwa na kimo gani?"

"Kama mimi, mama."

"Si kama wewe. Lala hapo."

Nikalala chali kwenye majani makavu, bega kwa bega na lile gogo. Lilikuwa la baridi, lina umande. Nikamwambia mama asije akakosea akanifunga mimi.

"Tulia," akasema. "Mwenzako alikuwa anatulia akipimwa nguo."

Nikatulia. Akainama, akaweka kiganja juu ya utosi wangu, akaongeza vidole viwili, akatia alama kwa kucha. Alikata mara tatu, akipumzika katikati, na kila pigo nililisikia mgongoni kupitia ardhini. Kisha akamwomba mgambo alete lile blanketi. Wakalifunga gogo ndani yake. Mama alianza kulia kwa jina lake, kwa sauti ndogo, ile ya kifua kilichobanwa, na kwenye kilima cha pili mwingine akawa analia jina jingine.

Hakuna aliyeniambia niinuke. Walipolinyanyua, upande wangu wa kulia ukaingia baridi, kama kitandani mwenzako anapoamka kabla yako.